Alimngoja Mtu Ambaye Hakumwahidi Kitu: Uchambuzi wa Kisa cha Mapenzi ya Upande Mmoja

Kuhusu kisa hiki

Rashidi na Zuhura si majina yao halisi. Aina ya kazi, mahali na miaka vimeondolewa, na maneno ya ujumbe wa simu yamebadilishwa kidogo bila kuharibu maana. Rashidi amesoma maelezo haya na kuridhia yatumike kufundishia. Zuhura sikuwahi kuonana naye. Kila ninachosema juu yake kimepitia kwa Rashidi, na msomaji asilisahau hilo, maana kisa chenyewe kinahusu mtu aliyesikia asichoambiwa.

Ninakiandika kwa washauri nasaha wanaoanza kazi, na kwa ndugu na marafiki wanaoishi na mtu wa namna hii bila kujua wamwambie nini. Anayempenda asiyempenda huchekwa sana. Nimeona watu wakipoteza usingizi, kazi na miaka ya ujana wao kwa jambo hili, na sioni cha kuchekesha.

Msingi

Rashidi alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwajiriwa, mtu wa maneno machache, anayesifiwa kazini kwa kuaminika. Hakuwa mgeni wa mapenzi. Alishawahi kuwa na uhusiano wa muda mrefu ulioisha kwa amani. Ninalitaja hili kwa sababu wengi hudhani kisa kama hiki humpata asiyejua mapenzi ni nini.

Zuhura alihamia idara ya jirani. Walipangiwa kazi moja ya pamoja, wakazoeana. Kilichowasogeza karibu ni maradhi ya mzazi wa Zuhura. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimpigia Rashidi simu usiku, analia, anaeleza alichosema daktari, na Rashidi anamsikiliza mpaka atulie. Usiku mmoja walikaa kwenye simu mpaka alfajiri, na Zuhura akamwambia, "Kaka Rashidi, sijui ningefanyaje bila wewe."

Mzazi alipona. Simu za usiku zikakoma. Kwa Zuhura dhiki ilikuwa imeisha na maisha yamerudi mahali pake. Kwa Rashidi, kuna kitu kilikuwa kimeanza na kukatishwa katikati, na miaka iliyofuata aliitumia kutafuta njia ya kurudi kwenye usiku ule.

Mambo yalivyokwenda

Miezi michache baadaye alimwambia. Hakusema "nakupenda." Alisema kwamba anamfikiria sana, kwamba angependa wawe karibu zaidi. Zuhura alijibu: "Nakuthamini sana, wewe ni kama kaka yangu. Na kwa sasa siko tayari kwa mambo ya mapenzi, akili yangu iko kwenye masomo."

Yeyote aliyewahi kumkataa mtu anayemheshimu anaijua sentensi hiyo. Ni hapana iliyovishwa nguo ili isiumize. Rashidi aliondoka na maneno mawili tu: "kwa sasa." Alijiambia kwamba hajakataliwa, ameambiwa angoje.

Akangoja. Alimsaidia Zuhura kazi za ofisini na kumkopesha fedha za kukamilishia ada, na aliporudishiwa alihuzunika, kwa sababu deni lilikuwa kamba iliyowaunganisha. Kila akiweka picha kwenye stetasi yake, alikuwa akifungua orodha ya walioitazama na kutafuta jina moja. Likiwamo, siku ilikuwa njema. Lisipokuwamo, aliifuta picha na kuweka nyingine. Simu yake ilikuwa na skrinshoti za kila ujumbe wa Zuhura uliokuwa na neno la upole, na ujumbe mmoja wa sauti, wa chini ya dakika moja, ambao Zuhura anacheka katikati ya maelezo ya jambo la kazi. Aliusikiliza kabla ya kulala kwa zaidi ya mwaka.

Marafiki zake walimtia moyo. Walimwambia mvumilivu hula mbivu, bandu bandu huisha gogo, mwanamke hasemi ndiyo siku ya kwanza. Ni rafiki mmoja tu aliyemwambia, "Akufukuzaye hakwambii toka." Rashidi aliacha kuongea naye.

Katika kipindi hicho alipewa nafasi ya kupandishwa cheo katika tawi la mbali. Aliikataa, akaiambia familia kwamba mazingira ya huko hayamfai. Hakuna aliyejua sababu halisi, na Zuhura hakuambiwa hata kwamba nafasi hiyo ilikuwapo. Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa kilipobadilika sura. Kabla ya hapo Rashidi alikuwa na matumaini. Baada ya hapo alikuwa ameyalipia, na matumaini yaliyolipiwa ni magumu kuyaacha. Alipojaribu kuyahoji, alijijibu mwenyewe: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Aliwahi kujaribu kujinasua. Alifuta namba ya Zuhura, lakini alikuwa ameihifadhi kichwani. Alianza uhusiano na mtu mwingine, dada mwema kwa maelezo yake, na kuuvunja baada ya muda mfupi kwa sababu kila alipokuwa naye alikuwa akimlinganisha. Dada yule hakuambiwa kwa nini aliachwa. Huyo naye aliumia katika kisa hiki, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake.

Kisha siku moja Zuhura alimfuata mezani kwake akiwa na furaha, akamwambia amechumbiwa. Mchumba alikuwa mtu wa muda mrefu ambaye hakupenda kumtangaza kazini. Akamwomba Rashidi, "kwa kuwa wewe ndiye ninayekuamini," amshikie majukumu yake wakati wa likizo ya harusi. Rashidi alikubali papo hapo na kumpongeza. Kisha akaingia chooni na kukaa huko mpaka alipoweza kupumua sawasawa.

Hali aliyokuja nayo

Alikuja kwangu wiki chache baada ya hapo, akiwa amekonda, akilala saa chache, na akiwa ameonywa kazini kwa makosa ambayo hakuwa na desturi ya kuyafanya. Ombi lake la kwanza lilikuwa, "Nisaidie nimsahau." Nusu saa baadaye ombi lilikuwa limegeuka: je, bado kuna namna Zuhura angeweza kubadili mawazo kabla ya harusi?

Maombi hayo mawili huja pamoja mara nyingi, na mshauri asishangae. Anayeomba kusahau kwa kawaida anaomba maumivu yaondoke huku matumaini yakibaki.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuangalia usalama kabla ya kugusa mapenzi. Nilimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Alisema hapana, ila kuna usiku alitamani alale asiamke. Maneno hayo hayapuuzwi. Tulikubaliana amwambie kaka yake mkubwa, amruhusu awe anampigia kila jioni, na swali hilo nikawa nalirudia kila tulipoonana. Nilimuuliza pia kuhusu Zuhura: amemfuata? Amemvizia? Amemtishia kwa maneno au kwa kimya? Kulikuwa na siku alizosubiri langoni ili waonekane wametoka pamoja kwa bahati. Nilimwambia bila kuzunguka kwamba hilo linakoma leo, na kwamba uchungu haumpi mtu haki ya kumzingira mwenzake. Alikubali. Kama asingekubali, kazi yetu ingekuwa nyingine kabisa.

La pili, tuliweka karatasi mezani yenye safu mbili. Upande mmoja aliandika alichosema Zuhura, neno kwa neno, akisoma kwenye simu yake. Upande wa pili aliandika alichosikia. Zoezi hili lilituchukua vikao kadhaa na ndilo lililobeba kazi yote. "Kwa sasa siko tayari" upande mmoja. "Atakuwa tayari baadaye" upande wa pili. "Asante kwa kunijali" upande mmoja. "Ameona kwamba mimi ndiye ninayemjali kuliko wote" upande wa pili. Kwenye mwezi mmoja wa mazungumzo tuliotazama, Zuhura alikuwa ameanzisha yeye mara 2 tu, na zote 2 alikuwa na jambo la kazi. Rashidi aliitazama safu ya kushoto kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu mtu amekuwa akiniambia hapana miaka yote."

Nilipenda aliseme yeye. Ningelisema mimi, angeanza kumtetea Zuhura dhidi yangu.

Uamuzi wa tatu ndio uliojadiliwa zaidi: je, amwambie Zuhura ukweli, wakati tayari amechumbiwa? Hoja ya kukataa ilikuwa nzito. Angeweza kumharibia furaha, na angeweza kuwa anatafuta mlango wa mwisho kwa jina la kufunga mlango. Hoja ya kukubali ni kwamba Rashidi hakuwahi kuuliza swali linalojibika kwa ndiyo au hapana, na bila jibu la aina hiyo angeendelea kujitafsiria. Juu ya hayo, Zuhura alikuwa akimtwisha imani na majukumu bila kujua anamtwisha nani, na alistahili kujua.

Tuliamua aulize, kwa masharti. Mahali pa wazi, muda mfupi, asilaumu, asitaje alichotoa wala alichopoteza, asiombe maelezo ya kwa nini, na jibu lolote litakalokuja alipokee na kushukuru. Barua yake ya kurasa kadhaa aliyokuwa ameiandaa tuliiweka pembeni. Ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na swali hata moja.

Zuhura alimsikiliza, akanyamaza, kisha akajibu: "Hapana, kaka Rashidi. Na haikuwahi kuwa hivyo. Nilidhani ulishaelewa siku ile." Kisha akaongeza jambo ambalo Rashidi hakulitarajia: "Mimi nilidhani nina rafiki."

Uamuzi wa nne ulifuata kesho yake. Kukata mawasiliano kabisa kusingewezekana kwa watu wa ofisi moja, na kumpangia mtu jambo asiloliweza ni kumpangia aibu. Kwa hiyo tulikata kilichokuwa kinalisha matumaini: stetasi, ujumbe binafsi, ile hifadhi ya skrinshoti, ambayo aliihamishia kwenye kifaa alichomkabidhi kaka yake. Mambo ya kazi yakabaki kwenye kundi la kazi. Majukumu ya likizo ya harusi alimwomba mkuu wake ampe mtu mwingine, bila kueleza sababu.

Matokeo

Wiki za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zile zilizomleta kwangu. Hili niliwahi kumtahadharisha, na bado lilimtikisa. Ilikuja hasira: amenitumia, amenichezea. Tukairudisha ile karatasi mezani. Hasira ikakosa pa kukaa, ikageuka huzuni.

Baadaye alitambua jambo lililomuuma kuliko kukataliwa. Nilimwomba anielezee Zuhura kwa namna ambayo mtu aliyeishi naye angemweleza: nini humkera, anaogopa nini, anakosea wapi, akikasirika anakuwaje. Alianza kusema ni mpole, ana utu, ana moyo safi. Nikamwambia hizo ni sifa, nieleze mtu. Hakuwa na cha kusema. Kwa miaka alikuwa amempenda mwanamke aliyemtengeneza mwenyewe kutokana na usiku mmoja kwenye simu na sauti ya kicheko. Zuhura halisi, mwenye mchumba, mwenye siri zake na mipango yake, alikuwa akipita mbele yake kila siku na hakumwona.

Likafuata la pili, na hili alilitamka kwa shida. Wema wake haukuwa bure. Kila msaada ulikuwa na bei ambayo mwenzake hakuonyeshwa. Alikuwa amejiona mtu wa kutoa. Sasa alijiona mtu aliyekuwa akidai kimyakimya.

Aliteleza mara moja. Siku ya kuzaliwa ya Zuhura alimwandikia ujumbe mrefu, akajibiwa "Asante." Alilisoma neno hilo siku nzima, akatafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwamo, kisha akanipigia simu. Tulianza tena pale tulipokuwa, bila lawama.

Makosa ya kazini yaliisha ndani ya miezi, usingizi ukarudi taratibu. Mawazo hayakukatika kwa siku moja. Yalipungua mpaka siku ikapita bila kumfikiria, na akaligundua hilo siku iliyofuata. Urafiki wao haukurudi. Mpaka tulipomaliza vikao hakuwa na mpenzi mwingine, na sikukihesabu hicho kuwa kipimo cha kupona.

Uchambuzi: kilichomshikilia

Rahisi kusema Rashidi alikuwa dhaifu, lakini maelezo hayo hayamfikishi mtu popote. Mwanasaikolojia wa Marekani Dorothy Tennov, aliyekusanya simulizi za mamia ya watu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1979, alionyesha kwamba kupenda kwa namna hii ya kuzama kunahitaji vitu viwili kwa pamoja: tumaini na mashaka. Tumaini likifa kabisa, hali hufifia. Mashaka yakiisha kwa kupendwa waziwazi, nayo hupoa na kuwa mapenzi ya kawaida. Kinachoiweka hai ni kukaa katikati, na katikati ndipo Rashidi alipokaa miaka yote.

Mwaka 2011 Erin Whitchurch, Timothy Wilson na Daniel Gilbert walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu nchini Marekani. Waliambiwa kwamba kuna wanaume waliotazama kurasa zao mtandaoni. Baadhi waliambiwa wanaume hao wamewapenda sana, wengine wamewapenda kiasi, na wengine haijulikani. Waliovutiwa zaidi na wanaume hao ni wale walioachwa gizani, na hao ndio walioripoti kuwafikiria zaidi. Hapo ndipo stetasi ilipopata nguvu yake. Jina likiwamo leo na kesho lisiwemo, mtu hawezi kuacha kuangalia. Kazi za mwanasaikolojia B. F. Skinner na wenzake zilionyesha zamani kwamba mnyama aliyezoea kupata chakula mara moja moja bila mpangilio huendelea kubonyeza kitufe cha chakula muda mrefu zaidi baada ya chakula kukatwa kuliko yule aliyepewa kila mara. Rashidi hakuwa akipewa chochote kwa makusudi. Alikuwa akikiokota mwenyewe.

Ombi la "nisaidie nimsahau" nalo lina maelezo yake. Daniel Wegner na wenzake waliripoti mwaka 1987 kwamba watu walioambiwa wasimfikirie dubu mweupe hawakuweza, na waliporuhusiwa baadaye walimfikiria zaidi ya wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kufuta namba na kujikataza jina ni amri ya aina hiyohiyo. Ndiyo maana tulimweka Zuhura mezani, kwenye karatasi, badala ya kumfukuza kichwani.

Kuna utafiti wa Helen Fisher na wenzake wa mwaka 2010 unaotajwa sana, wa kupiga picha za ubongo za watu 15 waliokuwa wameachwa na bado wanapenda. Walipotazama picha ya aliyewaacha, sehemu za ubongo zinazohusika na hamu na kutafuta tuzo ziliamka. Ninaona unafaa kumtuliza mteja anayeichukia akili yake. Lakini watu wale walikuwa na uhusiano kweli kabla ya kuachwa, na mshauri asiutumie kana kwamba unamhusu moja kwa moja mtu ambaye hakuwahi kuwa na mwenzake.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Swali la wazi lilifaa. Lilifaa kwa sababu lilikuja baada ya safu mbili, si kabla. Angeuliza akiwa bado anasikia upande wa kulia wa karatasi, hata "hapana" ingepata tafsiri. Maneno ya Zuhura, "nilidhani ulishaelewa," yanalingana sana na yale ambayo Roy Baumeister, Sara Wotman na Arlene Stillwell waliyachapisha mwaka 1993 baada ya kuwaandikisha watu visa vyao vya kupenda bila kupendwa na vya kupendwa wasikotaka. Wapendao walisema walitiwa moyo na hawakuwahi kukataliwa waziwazi. Waliokataa walijiona wamesema, walibeba hatia, na hawakujua njia njema ya kusema. Pande zote mbili zilikuwa zikieleza jambo moja kana kwamba ni mambo mawili. Simulizi za waliokataa ndizo zilizokuwa na machungu matupu zaidi, wakati wapendao walikumbuka pia utamu. Tumezoea kumhurumia Rashidi peke yake. Zuhura naye alipoteza rafiki siku ile, na alibaki kujiuliza kila wema aliotendewa ulikuwa na maana gani.

Kilichoshindwa kabisa ni faraja za marafiki. Methali za subira zilitungwa kwa mambo yanayoiva, na moyo wa mtu mwingine hauivi kwa kungojwa. Walimpenda, lakini kila sentensi yao ilimnunulia miezi mingine. Uhusiano wa kujitibia nao ulishindwa, na ulimuumiza asiyehusika.

Familia ilishindwa kwa namna nyingine. Waliposikia kisa, walishangaa kwamba analia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuwa wake. Mtaalamu Kenneth Doka aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni isiyotambuliwa, ile ambayo jamii haimpi mtu ruhusa ya kuwa nayo. Hapakuwa na kuachana, hapakuwa na talaka, hapakuwa na msiba wa kutangaza. Lakini Rashidi alifiwa na maisha mazima aliyokuwa ameyapanga, hadi majina ya watoto. Alipoelezwa kwamba hiyo ni huzuni na ina haki ya kuliliwa, alilia kwa mara ya kwanza bila kujificha.

Swali moja tulilijadili mpaka vikao vya mwisho: je, Zuhura aambiwe kuhusu cheo kilichokataliwa? Rashidi wa mwanzo alitaka ajue, ili aone ukubwa wa mapenzi yake. Rashidi wa mwisho alisema asiambiwe, kwa sababu hakumwomba, na kumwambia kungekuwa kumpelekea hati ya deni asilolikopa. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho mwenyewe, kwa cheo kilekile alichokuwa nacho, na alipoulizwa sababu kwenye fomu aliandika ukweli mfupi: anataka kuanza upya mahali pengine.